Jinsi ya kutengeneza modeli ya goti kwenye kompyuta na kusoma presha ya gegedu, hatua kwa hatua

Mtaani mtu akiumwa goti anaambiwa ute umeisha, basi imeisha hapo. Kumbe ute upo, kinachokuwa kimesagika mara nyingi ni gegedu, ile tabaka laini nyeupe inayofunika ncha za mifupa, ambayo kwenye goti ina unene wa milimita 2 hadi 4 hivi na haina mishipa ya damu kwa hiyo ikiharibika kupona kwake ni kazi kweli. Mi nilianza kujifunza haya mambo kwa sababu nilitaka kuona kwa macho yangu nguvu inapita wapi mtu akisimama, na bahati nzuri siku hizi softiwea zote unazohitaji ni za bure. Nitaeleza njia niliyoipita mwenyewe, pamoja na sehemu zilizonitesa, sababu hizo sehemu hazielezwi vizuri na ndo zinazokula wiki nzima ya mtu.

Hatua ya 1: andika swali lako kabla ya kufungua kompyuta

Usianze na "nataka kumodeli goti". Hilo sio swali, utaishia kuwa na modeli kubwa isiyojibu kitu. Swali letu humu litakuwa hili: mguu ukiwa umenyooka, goti likabebeshwa nguvu ya nyutoni 1000, presha kwenye gegedu inabadilikaje ukitoa meniska zote mbili? Meniska ni zile pedi mbili zenye umbo la mwezi mchanga, moja upande wa ndani moja upande wa nje, zinakaa katikati ya mfupa wa paja na mfupa wa muundi. Zamani wakikuta imechanika walikuwa wanaitoa yote, mpaka Fairbank mwaka 1948 akaonyesha kwenye picha za eksirei kwamba magoti yaliyotolewa meniska yanaanza kubadilika. Kwa hiyo ni swali lenye maana kwa mgonjwa, sio zoezi la darasani tu.

Na kwa nini 1000? Kwa sababu mwaka 1980 Fukubayashi na Kurosawa walipima magoti ya maiti kwa nguvu hiyo hiyo, wakapata eneo la mgusano kama milimita za mraba 1150 na presha ya juu kabisa kama megapaskali 3 meniska zikiwepo, na zikitolewa eneo likashuka mpaka 520 hivi na presha ikapanda mpaka 6. Hapo tayari una kitu cha kulinganisha na jibu lako. Chagua mzigo ambao kuna mtu ameshaupima, utanishukuru baadaye.

Ila usidhani 1000 ni nyingi. Kule Berlin, hospitali ya Charité, wana wagonjwa waliowekewa magoti bandia yenye vipimo ndani yake, na matokeo yao ya mwaka 2010 yanaonyesha ukisimama tu kwa miguu miwili goti moja linabeba kama asilimia 107 ya uzito wako, ukitembea 261, ukishuka ngazi 346. Misuli ndo inaongeza, maana inavuta mifupa ikutane. Mtu wa kilo 70 akitembea goti lake linapokea kama nyutoni 1800.

Hatua ya 2: mashine na programu

Laptopu yenye ramu ya GB 16 inatosha vizuri, GB 8 utaweza ila kwa meshi ndogo na uvumilivu (meshi ni umbo lililogawanywa vipande vidogo vidogo, elementi, ambavyo kompyuta inavipigia hesabu). Dauniloadi 3D Slicer kwa ajili ya kuchora mifupa na gegedu kutoka kwenye picha, MeshLab au Blender kwa kusafisha nyuso, Gmsh kwa meshi, na FEBio Studio kwa ajili ya hesabu yenyewe na kuangalia matokeo. FEBio imetoka Chuo Kikuu cha Utah wakishirikiana na Columbia, imetengenezwa makusudi kwa tishu za mwili, kwa hiyo vitu kama gegedu lenye maji ndani vimo tayari, huhitaji kuviandikia kodi.

Hatua ya 3: pata picha

Unahitaji MRI. CT inaonyesha mfupa vizuri sana lakini gegedu halionekani, utaona mwanya mweusi tu kati ya mifupa. Kama huna MRI usiende kumsumbua rafiki yako wa hospitali akupe faili za wagonjwa kwenye fleshi, hiyo haifai kabisa, picha za mgonjwa zinataka ridhaa na kibali cha maadili na kufutwa majina. Kuna data za wazi. Mradi wa Open Knee(s) wa Cleveland Clinic umeweka kwenye SimTK, tovuti ya kugawana modeli na data, picha za magoti pamoja na vipimo vya maabara vya goti hilo hilo, na modeli zilizokamilika za FEBio juu yake. Kuna pia Osteoarthritis Initiative (OAI) ya Marekani yenye washiriki 4,796 wa miaka 45 hadi 79, unajisajili kwanza ndo unapewa.

Ushauri wangu wa dhati: modeli yako ya kwanza chukua Open Knee iliyokwisha kutengenezwa, iendeshe, ivunje, irekebishe. Ya pili ndo uanze na picha mwenyewe. Mi nilifanya kinyume na nikapoteza miezi.

Hatua ya 4: kuchora gegedu kwenye Slicer

Fungua picha, nenda Segment Editor, tengeneza sehemu moja moja: mfupa wa paja, muundi, gegedu la paja, gegedu la muundi upande wa ndani, la upande wa nje, meniska mbili. Pia ya goti tuiache kwanza, swali letu haliihitaji. Mifupa unaweza kuipaka haraka kwa mbegu na kuacha programu ikuze yenyewe, lakini gegedu na meniska paka kwa mkono, slaisi kwa slaisi, yaani picha moja moja ya mkato. Najua inachosha. Ila fikiria hivi, kwenye picha za OAI pikseli ina kama milimita 0.37 ndani ya slaisi, na gegedu la milimita 2 lina pikseli tano au sita tu kwa unene, sasa ukikosea pikseli moja tayari umekosea unene kwa karibu asilimia 18, na presha itakufuata na kosa hilo hilo mpaka mwisho wa kazi. Muda wako tumia hapa.

Ukimaliza fanya ulainishaji kidogo, kidogo kweli, maana ulainishaji unakula unene kwenye kingo. Pima unene kabla na baada. Alafu toa kila sehemu kama STL, faili la uso uliojengwa kwa pembetatu, na hakikisha vipimo ni milimita na goti la kulia halijageuka kuwa la kushoto, hiyo hutokea faili zikihama programu moja kwenda nyingine kwa sababu ya mwelekeo wa mihimili. Njia rahisi ya kujua: mfupa mwembamba wa pembeni, fibula, lazima uwe upande wa nje.

Hatua ya 5: safisha nyuso

Ziba matundu, ondoa pembetatu zilizokunjana. Kitu kikubwa hapa ni kupenyana. MRI inapigwa mtu amelala, gegedu la juu na la chini yanagusana kidogo au yana mwanya mdogo, na mkono wako ukitetereka wakati wa kuchora utakuta gegedu la paja limeingia ndani ya meniska kwa nusu milimita. Solva, yaani sehemu ya programu inayopiga hesabu, ikianza na vitu vimepenyana hivyo inaona nguvu kubwa ya kusukumana kabla hata hujaweka mzigo, na modeli inalipuka kwenye hatua ya kwanza. Kwa hiyo toa eneo linaloingiliana, acha mwanya mdogo wa kama milimita 0.05 mpaka 0.1 kila mahali. Upande wa chini wa gegedu, ule unaokaa kwenye mfupa, fanya kinyume, ushikane na mfupa kabisa.

Hatua ya 6: meshi

Kama una uwezo wa kutengeneza elementi za pande sita, yaani zenye umbo la tofali, tengeneza, kwenye mgusano zinatulia vizuri. Inakuchukua siku kadhaa lakini inalipa. Kama huwezi tumia tetrahedroni, zenye umbo la piramidi ya pande nne, za nodi 10, nodi ni zile pointi zinazounda elementi. Za nodi 4 ziepuke kwenye gegedu: gegedu halipendi kubadilisha ujazo wake, na elementi hizo zinakuwa ngumu kupita kiasi zinapozuiwa kubadilisha ujazo, kwa hiyo utapata gegedu gumu kuliko uliloliandika. Weka angalau tabaka tatu au nne kwenye unene, na ukubwa wa kama milimita 1 sehemu ya mgusano. Mifupa haihitaji meshi nzuri, sababu utaiona hatua inayofuata.

Hatua ya 7: mali za tishu

Tumia nyutoni, milimita, megapaskali tangu mwanzo hadi mwisho, usichanganye na mita hata mara moja.

Mifupa ifanye rijidi, yaani haibonyei kabisa. Watu wanaogopa hapa, lakini Donahue na wenzake mwaka 2002 waliilinganisha mifupa rijidi na inayobonyea, na vipimo vya mgusano havikutofautiana zaidi ya asilimia 2. Unaokoa masaa kibao.

Gegedu lina maji, asilimia 65 mpaka 80, yamenaswa kwenye wavu wa kolajeni. Ukiligandamiza ghafla maji hayana muda wa kutoka, kwa hiyo linakuwa gumu na halibadilishi ujazo. Ukiligandamiza kwa muda mrefu maji yanachuruzika taratibu na linalainika. Sasa swali letu ni la mzigo wa sekunde moja mbili, kwa hiyo unaruhusiwa kutumia nyenzo rahisi ya neo-Hookean, inayobonyea na kurudi kama mpira, yenye moduli (ugumu) ya 15 na uwiano wa Poisson 0.475, ukikaribia 0.5 maana yake ujazo haubadiliki. Lakini kama swali lako ni mtu aliyesimama kwenye foleni saa nzima, hapo lazima uende kwenye nadharia ya vitu viwili vilivyochanganyika, kigumu na maji, ile ya Mow na wenzake ya 1980, ambapo kigumu peke yake kina moduli ya kama 0.5 tu na upenyezaji wa maji ni kama 0.001 kwa vipimo vyetu vya milimita na nyutoni. Sijui kama unaona tofauti, 15 na 0.5, tishu ni ile ile, kilichobadilika ni muda. Watu wengi wanakopi namba moja kutoka kwenye kazi ya mtu bila kuuliza ilikuwa ya mzigo wa haraka au wa taratibu, alafu wanashangaa gegedu limebonyea lote.

Meniska ina nyuzi zinazozunguka kufuata umbo lake la mwezi, na hizo nyuzi ndo kazi yake yote. Mfupa wa paja ukishuka unaisukuma meniska itoke nje, nyuzi zinavutika kama pete za pipa na kuizuia. Kwa hiyo ipe ugumu wa kama 120 kufuata mzunguko na 20 pande nyingine, na angalia mishale ya mwelekeo wa nyuzi elementi kwa elementi kabla ya kuendesha. Ncha zake nne zifunge kwenye muundi kwa springi nyingi zilizotandazwa. Ukisahau kufunga ncha meniska itachoropoka kama sabuni na utapata jibu la goti lisilo na meniska ukidhani unayo.

Ligamenti nne, mbili za katikati zinazopishana na mbili za pembeni, zifanye springi zinazovutika tu, zisizosukuma. Mwanzoni zinalegea: mpaka mvutano wa asilimia 6 nguvu inapanda kwa mkunjo, baada ya hapo inapanda kwa mstari ulionyooka, huo ndo utaratibu wa Blankevoort wa 1991 na wengi bado wanautumia. Shida ni mvutano wa awali, yaani kila ligamenti imeshavutika kiasi gani mguu ukiwa umenyooka. Hakuna picha inayokuonyesha. Chukua namba zilizochapishwa, alafu hatua ya 11 utazichezea.

Hatua ya 8: mgusano

Hii ndo roho ya kazi. Kila upande una jozi tatu: gegedu la paja na gegedu la muundi, gegedu la paja na meniska, meniska na gegedu la muundi. Ndani na nje, jumla sita. Chagua aina ya mgusano ya FEBio inayoitwa sliding-elastic, bila msuguano, maana gegedu kwa gegedu likiwa na ute linateleza kuliko barafu kwa barafu, ukiweka msuguano unaongeza matatizo tu. Uso wenye meshi ndogo ndogo uwe wa kwanza, mwingine wa pili.

Penalti hapa sio ya mpira. Kompyuta haiwezi kuzuia nyuso zisipenyane kabisa, kwa hiyo inaweka kama springi inayosukuma kila zikipenyana, na penalti ni ugumu wa hiyo springi. Ikiwa ndogo gegedu linazama ndani ya mwenzake na presha inatoka ndogo kwa uongo. Ikiwa kubwa mno solva inadunda huku na huku haifiki kwenye jibu. Washa auto_penalty, programu ikadirie penalti yenyewe, kizidisho chake anza na 1, endesha, alafu angalia mwanya. Kama kupenyana kunazidi milimita 0.05 pandisha, 5, 10, mpaka presha iache kubadilika. Mi huwa nafanya hivi kwenye jozi moja tu ya gegedu, bila meniska wala ligamenti, mpaka nipate namba nzuri, ndo naongeza vingine.

Hatua ya 9: mzigo

Funga muundi kabisa. Mfupa wa paja zuia usikunjike, miondoko yake mingine mitano iache huru, uteleze na kuzunguka unavyotaka, sababu goti lenyewe ndo linatafuta pa kukaa. Ukiufunga mfupa wa paja kila upande utapata presha kubwa upande mmoja ambayo mwilini haipo.

Sasa kosa ambalo karibu kila mtu analifanya: kuweka nyutoni 1000 moja kwa moja. Tuliacha mwanya, unakumbuka? Nyuso hazijagusana, hakuna kinachouzuia mfupa, kwa hiyo nguvu ndogo tu unaruka na hesabu inakufa. Gawa mara mbili. Kwanza ushushe mfupa wa paja kwa umbali, sehemu ndogo ya milimita, mpaka jozi zote zishike. Alafu hatua ya pili achia umbali na weka nguvu, ipande taratibu kutoka sifuri hadi 1000. Ruhusu programu ichague ukubwa wa hatua za muda yenyewe na ijaribu tena mara tano ikishindwa.

Hatua ya 10: ikigoma

Itagoma. Ikisema "negative jacobian" maana yake kuna elementi imegeuka ndani nje, na itakutajia namba yake, nenda kaiangalie hapo hapo. Mara nyingi ipo kwenye ukingo mwembamba wa meniska au pale gegedu linapoishia, meshi mbaya tu, irekebishe. Kama elementi ni nzuri basi hatua ya muda ni kubwa, ipunguze. Ikizunguka bila kufika, zima jozi zote uwashe moja moja mpaka umpate mkorofi. Usibadilishe vitu vitatu kwa mpigo, hutajua kipi kilisaidia.

Hatua ya 11: ikikubali, bado

Fungua faili la xplt, lile la matokeo ya FEBio, utaona rangi nzuri nyekundu na bluu na utatamani kumtumia kila mtu skrinshoti. Subiri. Jumlisha nguvu za mgusano za jozi zinazogusa muundi, zikijumlishwa na ligamenti zinapaswa kurudisha ile 1000 yako. Gawanya 1000 kwa eneo: ikiwa eneo ni 1150 presha ya wastani ni kama 0.87, kwa hiyo presha ya juu ikija 3 inaeleweka, ikija 25 kuna nodi moja mahali imechomoza. Kisha gawa meshi ndogo zaidi, endesha tena. Eneo hutulia mapema, presha ya juu hutulia mwisho, na mpaka ibadilike chini ya asilimia 5 usiiandike popote.

Baada ya hapo toa meniska, endesha upya, linganisha. Eneo linapaswa kushuka karibu nusu na presha kupanda karibu mara mbili. Mi mara ya kwanza nilipata presha imepanda kwa asilimia 10 tu, nikafurahi nikadhani nimegundua kitu, kumbe ncha za meniska hazikuwa zimefungwa hata mwanzoni.

Mwisho chezea namba ulizokisia: mvutano wa awali wa ligamenti, ugumu wa gegedu, unene. Moja moja, panda asilimia 10, shuka asilimia 10. Kuna kazi ilitoka 2019 ambapo timu tano zilipewa data ile ile ya goti na kila timu ikafanya maamuzi yake tofauti katika kujenga modeli, na wote ni wazoefu. Kwa hiyo andika kila uamuzi wako kwenye faili la maandishi ukiwa bado unaukumbuka: penalti gani, tabaka ngapi, springi ngapi, namba umetoa wapi. Faili hilo liweke pamoja na la feb (modeli yenyewe) na la log (kumbukumbu ya hesabu) kwenye folda moja yenye tarehe, na ukimpa mtu modeli mpe folda nzima.

Na kama anayekuuliza ni mgonjwa anataka kujua akatwe meniska au asikatwe, mwambie aende kwa daktari wa mifupa. Hii ni modeli ya goti moja la mtu mwingine, na goti lake yeye hujalipima.